Ungo Miguuni



Kama uko Mbeya asubuhi hii, hali yako naijua. Mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, wa pili umebanwa kwapani, na redio umeiwasha kwa kidole kimoja kilichochungulia nje ya blanketi kama kichwa cha kobe. Mimi nazungumza nawe kutoka Iyunga, huku karibu na stesheni ya TAZARA, na miguuni nina soksi jozi mbili. Kwa hiyo tuko sawa.

Leo nina habari ya ungo.

Mtoto wa dada yangu yuko Kanada, mji wa Calgary, mwaka wa saba huu. Januari moja alinitumia ujumbe wa sauti, anahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. "Mjomba, shikamoo. Leo tumepanda mlimani kwenda kuona ziwa, tumevaa nyungo miguuni." Nikaurudia ujumbe. Nyungo! Sasa wenzangu mnajua, huku kwetu mtu akitajwa pamoja na ungo watu hutazamana. Ungo wa mchana ni wa kupepetea mchele. Ungo wa usiku una rubani na abiria. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Hebu niambie taratibu, huko ulikwenda kutafuta kazi au ulikwenda kutafuta nini?"

Akacheka, halafu akaleta picha. Kumbe ni viatu, au tuseme ni kitu cha kufungwa chini ya viatu. Kina fremu ya mviringo iliyochongoka kwa nyuma, katikati kimesukwa, na mguu unafungwa hapo kwa mikanda. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini wamekuwa wakivitengeneza tangu enzi na enzi, kwa mti uliopindwa na kanda za ngozi mbichi ya mnyama. Vya siku hizi ni vya alumini na plastiki, na chini vina meno ya chuma ya kung'ata barafu. Lakini ukivitazama kwa jicho la mtu aliyekulia jikoni kwa mama, mpwa wangu hakukosea. Ni ungo.

Kazi yake ni hesabu nyepesi. Kijana ana kilo 70. Akiinua mguu mmoja ili apige hatua, kilo zote 70 zinabaki juu ya unyayo mmoja, wenye eneo la sentimita za mraba kama 250. Theluji iliyoanguka jana yake ni kama pamba iliyochambuliwa, haina mahali pa kukukatalia. Unazama mpaka gotini, unachomoa mguu, unazama wa pili, na baada ya mita mia moja umechoka kama umelima ekari. Fungia ungo wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 20, uzito uleule sasa umetandazwa kwenye eneo karibu mara tano. Unazama kidogo tu, theluji inajikusanya chini yako, inakushika. Unatembea kama bata, miguu imetanuka, lakini unafika.

Nilipoelewa hivyo nikamkumbuka marehemu baba yangu, maana alikuwa mtu wa njia. Watoto wa reli mnanielewa. Mtu wa njia si dereva wala si karani wa tiketi. Ni yule wa gengi, anayetembea juu ya mataruma na nyundo begani akisikiliza kama kuna kilicholegea. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande kilichowatoa watu jasho ni cha Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki 18 na udongo unaokimbia kila mvua ikinyesha. Baba alikuwa akituambia sisi watoto kwamba chuma kile tunachokiona kinang'aa si kwamba kinabeba treni. Gurudumu linakalia reli, reli inakalia mataruma, mataruma yanakalia kokoto, kokoto zinakalia udongo, na kila ngazi inautandaza mzigo zaidi kuliko iliyo juu yake. "Udongo hauchukii uzito," alikuwa akisema, "unachukia uzito uliosimama mahali pamoja." Mzee yule hakuwahi kuiona theluji hata kwenye kalenda. Lakini ungo wa mpwa wangu angeuelewa kabla hajaelezwa.

Turudi kwenye picha. Kulikuwa na kitu kimoja kinanisumbua. Ziwa walilokwenda kuliona linaitwa Chester Lake, liko katika milima ya magharibi ya Calgary, mwinuko wa karibu mita 2,200. Picha zilikuwa kama kumi. Kuna miti imebeba theluji, kuna vilele, kuna vijana wanne wamevimba kwa makoti, kuna chupa ya chai. Maji hakuna. Nikamuuliza, ziwa liko wapi?

"Mjomba, hapo tulipo ndipo. Tumesimama juu yake."

Ziwa limeganda, na juu ya barafu theluji imeanguka tena, ziwa na uwanda ni kitu kimoja. Akanieleza kwamba Msalaba Mwekundu wa kule unashauri barafu iwe na unene wa sentimita 15 kabla mtu hajathubutu kuikanyaga. Mimi nilishapotea. "Kwa hiyo mmeamka usiku, mmeendesha gari, mmepanda mlima na nyungo miguuni, kwenda kuona ziwa ambalo halionekani?" Akasema ndiyo, na ilikuwa siku nzuri sana.

Picha niliipeleka kijiweni. Mmoja akasema hilo ni shamba la chumvi. Mwingine, aliyewahi kukaa Dar es Salaam, akasema hizo ni picha za kompyuta, siku hizi wanatengeneza chochote. Wa tatu akaitazama muda mrefu, akanirudishia simu na kusema, "Kama ni kweli, basi mwambie arudi nyumbani."

Tusiwacheke. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitembea kutoka pwani kwenda kwa Wachagga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliandika kwamba mmoja wa waongozaji wake, mtu wa pwani, hakuwa na jina la kitu kile cheupe. Alikiita baridi tu. Nalipenda sana jibu hilo. Mtu hajui kitu chenyewe ni nini, lakini anajua kinafanya nini. Rebmann akapeleka habari Ulaya. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1862 Baron Carl Claus von der Decken na mwenzake Otto Kersten wakapanda mlima ule na theluji ikawaangukia wenyewe. Cooley bado hakukubali. Kijiwe ni kijiwe, hata kikiwa na maktaba.

Nikianza maneno siachi, nivumilieni kidogo. Kiswahili chetu kimelelewa pwani, kwenye joto na mnazi, na mambo ya kuganda kimeyapokea kwa wageni. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu imetoka kwa Waajemi, ikapita na kwa Wahindi, na huko ilikotoka barafu ni hiyohiyo theluji inayoanguka kutoka mbinguni. Ilipofika kwetu ikawa ile ya jokofu na ya kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, inayouzwa kwa watoto. Lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kitu chetu ambacho si theluji wala si barafu ya mfuko, nacho kina jina zuri ambalo watangazaji wengi wa habari hawalitumii: sakitu. Ule unga mweupe unaoukuta alfajiri juu ya majani, juu ya bati, juu ya kiti cha bodaboda. Utasikia kwenye taarifa "theluji yaanguka Makete," simu zinapigwa kutoka Mwanza na Tanga kuuliza kama tuko hai. Haijaanguka. Sakitu haianguki. Unyevu wa hewa unagandia palepale juu ya jani. Wenzangu wa habari, neno lipo, litumieni.

Basi. Julai iliyopita mpwa wangu akaja likizo.

Alishuka uwanja wa ndege wa Songwe na fulana. Alipotuona tumevaa makoti akacheka, akasema alikotoka huwa inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, hii ya kwetu ni upepo wa jioni. Nikanyamaza. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba Iyunga iko juu kuliko Calgary. Hakuamini mpaka akatazama kwenye simu: Calgary iko mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari, sisi tuko kwenye 1,700 hivi. Hata Banff, mji wao wa milimani wanakokwenda watalii, hautufikii.

Usiku wa kwanza ukapita. Asubuhi nikamkuta jikoni amejifunika blanketi mbili, anauliza hita iko wapi. Mjomba wake nikafurahi moyoni, Mungu anisamehe. Baridi ya kule, nilikuja kuelewa, inakaa nje ya nyumba. Mlango una tabaka, dirisha lina vioo viwili, ndani mtu anashinda na kaptula. Baridi ya kwetu inalala ndani pamoja nasi. Inaingia chini ya mlango, inaingia kwenye bati, inapanda kitandani mapema kuliko wewe. Hii ya kwetu haiui kwa nyuzi. Inachosha kwa kudumu, Juni, Julai na Agosti, jua la mchana likiwa zuri la kupiga picha na usiku mbingu iko wazi, nyota zimejaa, na joto lote la ardhi linapaa moja kwa moja bila wingu la kulirudisha. Kusini kule baharini mgandamizo wa hewa umekuwa mkubwa, upepo wa kusi unatuletea ubaridi wake, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa mwelekeo wa kipupwe. Wazee wanatoa makoti.

Usiku wa pili mpwa wangu akaomba tuingize jiko la mkaa chumbani. Hapo sikucheka. Naomba na wewe unayenisikiliza uache kikombe kidogo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, wala haikuwashi macho kama moshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, unasikia usingizi mtamu, na ndiyo basi. Mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, watu hudhani umekuwa salama, na hapo ndipo wanapoingiza jiko. Nimekwenda kwenye misiba ya namna hiyo kipupwe zaidi ya kimoja, na katika mmoja tulibeba majeneza mawili kutoka mlango mmoja. Jiko libaki nje. Chemsha maji, tia kwenye chupa, funga kifuniko barabara, ifunge kwa khanga uilalie. Mpwa wangu alilala na chupa mbili.

Siku ya tatu akasema anataka kuona ziwa la mlimani la kwetu. Nikamwambia Ngozi hiyo hapo, kesho.

Kwanza tulipita Mwanjelwa kumtafutia koti, maana yake ameliacha Kanada. Akachambua kwenye marundo ya mitumba, mara akatoa sauti. Ameshika koti la theluji, jekundu, zito, na kwenye zipu bado inaning'inia tiketi ya plastiki ya watu wa kuteleza milimani huko huko Amerika. Akaligeuza, akalinusa. Akampa mama muuzaji pesa bila kubembeleza bei, jambo lililomshangaza mama yule kuliko baridi yoyote.

Tuliondoka Iyunga gizani. Mafiati, Mwanjelwa, Uyole, hapo tukaiacha barabara ya Dar es Salaam tukashika ya Tukuyu, na gari likaanza kupanda Uporoto. Wanaoijua njia hii wanajua masikio yanavyoziba. Kushoto na kulia ni viazi, kabichi, njegere, na magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya lami yakiwa na vichwa vya nyavu kama wazee waliovaa kofia za sufu. 

Tulishuka Isongole kunapambazuka. Na hapo, mpenzi msikilizaji, kwenye bonde dogo chini ya barabara, shamba zima la viazi lilikuwa jeupe.

Mpwa wangu alisimama. Mama mwenye shamba alikuwa amekwishafika, amejifunga khanga mbili kichwani, anatembea kwenye matuta hagusi kitu. Tukamwamkia. Nikachutama niangalie jani moja. Pembeni mwake lilikuwa limezungukwa na vijiti vidogo vya barafu, vimesimama kama nywele za mtoto aliyeoga, na katikati mshipa wa jani umebaki kijani chini ya kioo. Saa hiyo limesimama wima, zuri, ungesema limepambwa kwa harusi. Mama akasema, "Subirini saa nne mlione." Maji yaliyo kati ya seli za jani yanapoganda yanayavuta yale ya ndani, na utando wa seli unaharibika. Jua likipanda, jani linalala, jeusi, laini kama mchicha uliochemshwa. Kwenye kilima, mita 30 juu ya pale, viazi vya jirani vilikuwa salama kabisa. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kutuama mabondeni, kwa hiyo sakitu inachagua. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alipanda bondeni kwa sababu bondeni ndiko kuliko na maji ya kumwagilia.

Tulichukua bodaboda mpaka ukingoni mwa msitu. Msitu huu wa hifadhi uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na mwongozaji wetu alikuwa kijana wa pale pale, mpole, gambuti zimemkaa kama amezaliwa nazo. Mimi nilikuwa na gambuti. Mpwa wangu alikuwa na raba nyeupe.

Mtu anaposikia Julai ni kiangazi hudhani njia ni kavu. Msitu wa Uporoto haufuati kalenda yetu. Ukungu unashinda kwenye matawi, unadondoka tone kwa tone mchana kutwa, na chini jua halifiki. Tope la pale ni jeusi, la majivu ya volkano na majani yaliyooza, na lina tabia ya kukaa kimya likikungoja. Hatua ya kumi, raba ya kushoto ikaingia yote. Akavuta mguu, mguu ukatoka, raba ikabaki. Mwongozaji akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaileta, akaimimina. Hatukucheka. Tulijitahidi.

Mbele kidogo, mahali pabaya zaidi, kuna mtu alikuwa amekata mianzi na kuilaza kukingama njia, mmoja baada ya mwingine, imebanana. Mwongozaji akapita juu yake kama anakwenda sebuleni. Mpwa wangu akaweka mguu kwa hofu, mianzi ikanesa, ikakaa. Akasimama hapo katikati ya tope, ameangalia chini, halafu akanigeukia. "Mjomba! Ungo." Nami nilikuwa naona mataruma. Kila mmoja na urithi wake.

Njia ile haichukui muda mrefu, kama saa moja na nusu kwa mtu wa umri wangu, lakini mwisho wake unapanda kama ngazi ya kwenye dari. Unashika mizizi, unashika migomba mwitu, unajishika mwenyewe magoti. Kwenye mapumziko ya pili kijana akatuonyesha kinyonga. Alikuwa kwenye kitawi usawa wa kifua changu, mweusi karibu wote, pembe tatu usoni, macho yamefumbwa. Ukimgusa hakimbii. Hawezi, damu yake inangoja jua. Weusi ule si ugonjwa, ameuvaa makusudi ili miale ya kwanza ikitokea imshike upesi. Kinyonga huyu anaishi milima hii yetu ya Uporoto na Rungwe na Livingstone, hutamkuta Kilimanjaro wala Usambara, na wataalamu wamempa jina la daktari mmoja Mjerumani, Fülleborn. Jambo lililonigusa mimi ni kwamba hatagi. Kinyonga wa nchi ya joto anafukia mayai ardhini na kwenda zake. Huyu ardhi yake ina baridi, mayai yangekufa, basi mama anayabeba tumboni mpaka watoto watoke wazima. Anakwenda kuwaotesha jua matawini akiwa nao mwilini.

Mpwa wangu alimtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anamwonea wivu koti.

Tukafika juu. Ukingo wa Ngozi uko mita 2,600 hivi, na ziwa liko chini kabisa ndani ya shimo, kuta zake zimesimama. Ni ziwa lenye urefu wa karibu kilomita mbili na nusu na upana wa moja na nusu, halina mto unaotoka. Hayo nilimweleza nikiwa nimeelekeza mkono mbele. Mbele kulikuwa na ukungu. Si ukungu wa kusema unaona kivuli. Ulikuwa ukuta mweupe unaoanzia kwenye ncha ya kidole changu, chini mweupe, juu mweupe, kushoto na kulia mweupe.

"Mjomba," akasema, "ziwa liko wapi?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Januari.

Tukakaa tungoje. Viazi vya kuchemsha, chai ya chupa. Kijana akaanza masimulizi, maana Ngozi haikosi masimulizi. Wapo wanaosema ziwa hili halikuwa hapa, lilikuwa kwenye makazi ya watu huko chini, likafukuzwa kwa jiwe la moto likakimbilia mlimani. Wapo wanaosema linabadilika rangi likikasirika, na kwamba ukifika usipige kelele. Kijana mwenyewe alizungumza kwa sauti ya chini, nami niliona na yangu imeshuka bila kuagizwa.

Zamani ningeyapuuza. Lakini hapa hapa kwetu, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani fulani aitwaye kipunji, watafiti wakidhani labda ni mnyama wa hadithi tu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao msitu wa Rungwe, mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Tangu hapo nikisikia simulizi ya mlimani siharakishi kuwa Cooley.

Na hilo jiwe la moto liko karibu na ukweli kuliko inavyodhaniwa. Ngozi ni volkano. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita ililipuka kwa nguvu mpaka mawe yake mepesi yakafunika uwanda wa Kitulo, na imelipuka tena ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita, jana tu kwa saa ya milima. Watafiti waliopima sakafu ya ziwa walichapisha mwaka 2019 kwamba chini kule kuna matundu yanayotoa gesi na maji ya moto. Kampuni ya Jotoardhi imekuwa ikiutafuta moto huo ili uwe umeme. Tukawaza hilo pale juu, mimi na mpwa wangu, tumebanana chini ya koti jekundu kama vifaranga, meno yanagongana, na mita mia kadhaa chini yetu kuna maji ya moto bila mtu wa kuyapikia ugali.

Saa tano na dakika kadhaa upepo ukageuka. Kijana akasema, "Mzee, huyo." Ukungu ukachanika katikati kama pazia la kliniki, na Ngozi ikaonekana. Kijani. Sijui nikwambieje. Kijani kizito, kimya, bila wimbi hata moja, na ng'ambo ya pili msitu umesimama kichwa chini ndani ya maji. Mpwa wangu akachomoa simu. Vidole vilikuwa vimekufa. Alama ya kidole, simu ikakataa. Namba za siri, kidole kikagonga pembeni. Akavipulizia, akavisugua kwenye koti, akavitia mdomoni, na simu ilipofunguka na kamera ikawaka, pazia lilikuwa limefungwa. Akapiga picha hivyo hivyo, mbili, tatu. Tukangoja tena saa nzima. Haikurudi.

Kuteremka tuliteremkia makalio, hilo si la kusimulia redioni. Pale bondeni Isongole viazi vya yule mama vilikuwa vimeshalala, vyeusi, na mwenyewe alikuwa ameinama anafukuafukua kwa jembe kuona kama chini kuna kilichokomaa cha kuokoa. Tukamsaidia kidogo, tukanunua ndoo mbili. Mpwa wangu akapata mtandao, akatuma picha kwa wenzake wa Calgary, wale wa Chester Lake.

Hatujafika Uyole simu ikaanza kulia. Rafiki yake wa kwanza ameandika kwamba hakuwa na habari kuwa Tanzania inaanguka theluji nyingi namna ile, na anauliza ziwa liko upande gani wa picha, na je, nyungo tulizikodi wapi.

Mpwa wangu akanipa simu nisome, akauliza amjibu nini.

Nikamwambia amwambie ukweli, kwamba mjomba alivaa gambuti.